Alama Zifichwazo: Historia ya Kuandika Nguvu ya Sauti katika Muziki

Katika kuandika muziki, kupanda na kushuka kwa sauti si vigumu kuonyesha: noti huwekwa juu au chini katika mistari mitano, na msomaji akafuata. Urefu na ufupi wake nao una alama zake, na alama hizo zaweza kuhesabiwa kama shilingi na senti. Lakini nguvu ya sauti haihesabiki kwa njia hiyo. Sauti iliyo kubwa chumbani ni ndogo kanisani. Iliyo kubwa kwa filimbi ni ndogo kwa tarumbeta. Na mwimbaji mwenye kifua kipana, aambiwapo aimbe kwa upole, huenda akamfunika mwenzake aliyeambiwa apaze. Kwa sababu hiyo alama za nguvu zilichelewa kuingia katika maandishi ya muziki, na tangu zilipoingia hazijaacha kuleta ubishi.

Siku hizi ubishi huo umepata sura mpya. Wanaoandika muziki wengi hawatumii tena kalamu na wino, bali programu za kompyuta. Programu hizi zina kazi mbili kwa wakati mmoja: huchora ukurasa ili mwanadamu ausome, na huupiga muziki wenyewe ili mwandishi asikie alichoandika. Mwandishi akiandika herufi p, ambayo kwa Kitaliano ni mwanzo wa neno la kupiga kwa upole, mashine hupunguza sauti. Akiandika f, mashine huipaza. Asipoandika kitu, mashine hupiga kila noti kwa nguvu ile ile, kama mtu asomaye barua asiyoielewa. Basi mwandishi huweka alama ili mashine itii, kisha, kwa kuwa hataki alama hiyo ionekane katika karatasi, huificha. Karatasi hutoka nyeupe, na mashine huendelea kutii amri isiyoonekana.

Jambo hili laonekana dogo, la mafundi tu. Lakini kila alama ya nguvu ni maneno ya mtu fulani kwa mtu mwingine, na historia yake yote yaweza kusomwa kwa kuuliza maswali mawili: nani anasema, na anamwambia nani? Tukiyashika maswali hayo tutaona kwamba kuficha alama si jambo la mashine peke yake. Kuna mizizi ya zamani, na kuna hatari ambayo waliotutangulia waliwahi kuionja.

Kabla ya mwisho wa karne ya 16, maandishi ya muziki wa Ulaya yalikuwa karibu hayana alama za nguvu kabisa. Haina maana kwamba watu waliimba kwa sauti moja isiyobadilika. Maana yake ni kwamba mtungaji na waimbaji aghalabu walikaa mahali pamoja, wakatumikia kanisa moja au mfalme mmoja, na yaliyopasa kufanywa yalijulikana kutokana na maneno ya wimbo, ukubwa wa jengo, na sikukuu iliyokuwapo. Wasomaji wa Kiswahili hawawezi kushangazwa na hali hiyo. Miswada yetu ya kale ya herufi za Kiarabu mara nyingi iliandika p na b kwa herufi moja, na alama moja ya irabu ikachukua e na i, nyingine o na u. Aliyekulia katika lugha alisoma bila kukwama, maana mwandiko ulimkumbusha tu alilokuwa nalo kifuani. Shida ilianza pale muswada ulipofika mbali, mikononi mwa msomaji aliyekuwa hana kumbukumbu hiyo.

Mfano wa kwanza mashuhuri wa alama za nguvu katika muziki uliopigwa chapa ni utungo wa Giovanni Gabrieli uitwao Sonata pian' e forte, uliotolewa Venice mwaka 1597. Jina lenyewe lasema habari: ni utungo wa upole na nguvu. Ndani yake mna makundi mawili ya wapigaji, kila kundi lina watu wanne. Kwa kawaida kundi moja linapopiga peke yake imeandikwa pian. Makundi yote mawili yakiungana imeandikwa forte. Hapa alama haimwamuru mpigaji sana; yamweleza hali iliyopo tayari. Wanane wakipiga pamoja sauti itakuwa kubwa wapende wasipende. Hata hivyo hatua ilikuwa imekwisha kupigwa, kwa kuwa jambo lililokuwa la masikio limetiwa katika karatasi, na aliye mbali na Venice aweza kulijua.

Baada ya hapo alama ziliongezeka polepole, zikifuata uwezo wa vyombo. Hapsikodi, chombo cha vibonye ambacho nyuzi zake hukwanyuliwa, hakibadilishi nguvu kwa uzito wa kidole; hupata sauti kubwa na ndogo kwa kuhamisha mikono kutoka safu moja ya vibonye kwenda nyingine. Ndiyo maana Johann Sebastian Bach, alipotoa utungo wake wa mtindo wa Kitaliano mwaka 1735 kwa hapsikodi yenye safu mbili, aliandika forte na piano wazi kabisa: maneno hayo yalikuwa maagizo ya mahali pa kuweka mikono. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1722 chenye tungo za funguo zote 24, kilichokusudiwa kufundishia, tunakuta kurasa baada ya kurasa zisizo na alama za nguvu. Ukimya huo, kama tutakavyoona, ulikuja kujazwa na wengine.

Wakati huo huo fundi Bartolomeo Cristofori, aliyetumikia nyumba ya Medici huko Florence, alikuwa amekwisha kuunda chombo kipya ambacho nyundo ndogo hupiga nyuzi kwa kadiri ya uzito wa kidole. Orodha ya mali ya nyumba ile ya mwaka 1700 yakitaja. Kiliitwa kwa sifa yake ya kutoa sauti ya upole na ya nguvu, na kutokana na maneno hayo mawili ya Kitaliano twapata jina piano. Chombo kizima kimepewa jina la alama! Alama za kuzidisha na kupunguza sauti kidogo kidogo nazo zilianza kuonekana. Katika sonata za fidla za Giovanni Antonio Piani, zilizotolewa Paris mwaka 1712, tayari mna michoro ya kabari inayopanuka na kusinyaa. Baadaye katika karne hiyo okestra ya Mannheim ilipata sifa Ulaya nzima kwa jinsi ilivyoweza kuikuza sauti kutoka chini mpaka juu kama wimbi linalojaa.

Hata hivyo mengi yaliendelea kufundishwa kwa mdomo na kwa vitabu vya mafunzo, siyo kwa alama. Johann Joachim Quantz, mwalimu wa filimbi wa Mfalme Frederick wa Prussia, katika kitabu chake cha mwaka 1752 aliwafundisha wasindikizaji kwamba sauti zinazogongana zipigwe kwa nguvu kuliko zinazopatana, na akatoa mfano wa utungo uliojazwa alama tele ili kuonyesha kanuni hiyo. Mfano ule watufaa sana. Mwanafunzi wa Quantz akiisha kuielewa kanuni hakuhitaji tena kuandikiwa alama. Angeziona mwenyewe mahali ambapo hazikuandikwa. Alama zilikuwapo, ila zilifichwa katika elimu ya mpigaji.

Karne ya 19 iliuvunja ukaribu huo. Biashara ya kupiga chapa ilikua, na muziki ukanunuliwa na watu ambao mtungaji hatawaona maisha yake yote. Kwa hiyo mtungaji alianza kusema kila kitu kwa maandishi. Alama zikawa nyingi, kisha zikawa za kupindukia. Katika sehemu ya kwanza ya simfoni yake ya 6, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1893, Tchaikovsky aliandika p sita mfululizo kwa mpigaji wa basuni, kama mtu anayeomba sauti iliyo karibu kuwa kimya. Nusu karne baadaye, mwaka 1949, Olivier Messiaen alitunga kipande cha piano ambacho kila noti ina kadiri yake ya nguvu, mojawapo ya kadiri saba zilizopangwa mapema. Toka Gabrieli hadi Messiaen safari ni ndefu: tumetoka kwenye maneno mawili yanayoeleza hali, tumefika kwenye hesabu inayoifunga kila noti.

Lakini jambo lililoleta madhara makubwa zaidi katika karne hiyo halikufanywa na watungaji. Lilifanywa na wahariri. Mwaka 1837 jumba la Peters la Leipzig lilitoa kitabu kile cha Bach kilichotengenezwa na Carl Czerny, mwalimu mashuhuri wa piano na mwanafunzi wa Beethoven. Kurasa ambazo Bach aliziacha wazi Czerny alizijaza: hapa p, pale f, hapa sauti ikue, pale ififie, pamoja na mwendo wa kila utungo na vidole vya kutumia. Katika dibaji alieleza kwamba miongoni mwa mambo aliyoyafuata ni kumbukumbu yake ya jinsi alivyomsikia Beethoven akizipiga nyingi za tungo hizo. Hatuna haja ya kumshutumu Czerny. Alikuwa mwalimu mwema, alitaka kuwasaidia wanafunzi waliokuwa na piano nyumbani na hawana mwalimu, na kumbukumbu ya Beethoven ni kitu cha thamani kwa yeyote anayetaka kujua jinsi Bach alivyopigwa miaka ile.

Kosa lilikuwa katika mwandiko. Alama za Czerny zilipigwa chapa kwa herufi zile zile, za ukubwa ule ule, katika mistari ile ile iliyobeba noti za Bach. Kitabu kilipigwa chapa tena na tena, kikaenea shuleni na majumbani. Mwanafunzi aliyekifungua hakuona mahali Bach alipokoma na Czerny alipoanza. Dibaji haisomwi na kila mtu, na baada ya miaka hamsini walikuwapo watu waliofundishwa kupaza na kupunguza kwa jina la Bach, kumbe walikuwa wanamtii mtu aliyezaliwa zaidi ya miaka arobaini baada ya Bach kufa.

Wataalamu walipozinduka, walianza kazi ndefu ya kusafisha. Ziliundwa matoleo ya maneno asilia, yaani yale yanayotoa alichoandika mtungaji na si zaidi. Günter Henle alianzisha jumba lake la kupiga chapa mwaka 1948 kwa kusudi hilo, na toleo jipya la kazi zote za Bach lilianza kutoka mwaka 1954, likaendelea hadi mwaka 2007. Wahariri hawa walijiwekea adabu ambayo msomaji yeyote aweza kuiona kwa macho. Alama ya mtungaji hupigwa chapa kwa herufi kamili. Alama ya mhariri hutiwa katika mabano, au huandikwa kwa herufi ndogo, au mstari wake hukatwakatwa. Mhariri hakukatazwa kutoa rai yake. Alitakiwa tu asiivike nguo ya mwenzake.

Adabu hiyo ilikuwa imeanza kukomaa mashine zilipoingia. Mwaka 1983 kampuni zinazotengeneza vinanda vya umeme zilikubaliana juu ya lugha moja ya vyombo iitwayo MIDI. Katika lugha hiyo kila noti hutumwa pamoja na namba inayoonyesha jinsi kibonye kilivyobonyezwa kwa nguvu, na namba hizo huanzia 0 na kuishia 127. Zikaja programu za kuandikia muziki: Finale mwaka 1988, Sibelius mwaka 1993, MuseScore iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, na Dorico mwaka 2016. Programu hizi hazina budi kuigeuza herufi kuwa namba. Katika MuseScore, mathalan, p kwa desturi imepewa 49, f imepewa 96, na noti isiyo na alama yoyote huhesabiwa kuwa 80. Herufi ambayo kwa karne nne ilimwachia mwanadamu nafasi ya kupima ukubwa wa jumba na wingi wa wenzake sasa imekuwa tarakimu.

Hapo ndipo haja ya kuficha ilipozaliwa. Fikiri mwalimu anayenakili utungo wa Bach wa mwaka 1722 katika kompyuta. Akiuacha kama ulivyo, ukurasa ni wa kweli lakini mashine itaupiga wote kwa 80 toka mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi watachoka kabla ya nusu. Akiweka alama, muziki utapata uhai lakini ukurasa utakuwa wa uongo. Basi huziweka na kuzificha. Katika MuseScore yatosha kuichagua alama na kubonyeza herufi V. Mwingine anaandikia kwaya ya sauti nne. Anataka sauti ya kwanza isikike juu ya nyingine, lakini akiandika mf kwa wa kwanza na p kwa wengine watatu, waimbaji watadhani wametakiwa kunong'ona. Mwingine ana wimbo wenye beti tatu juu ya noti zile zile, na anataka mashine iupoze ubeti wa mwisho. Wote hawa wana haja ya kweli, na kuificha alama kwaitimiza.

Katika Afrika Mashariki jambo hili limetukaribia kuliko tunavyodhani. Kwaya zetu nyingi zilipokea muziki wa kuandika kwa njia ya sol-fa, mwandiko wa herufi uliostawishwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Katika mwandiko huo f iliyo ndani ya mstari ni sauti ya fa, na f iliyo juu ya mstari ni amri ya kupaza; mwimbaji hana budi kuangalia mahali ilipokaa herufi ndipo ajue maana yake. Leo walimu wengi wa kwaya huandika tungo zao kwa kompyuta, wakapiga chapa karatasi, na pamoja nayo wakawapelekea waimbaji sauti ya mashine katika simu ili wajifunze nyumbani. Mwimbaji asiyesoma noti hushika sauti. Mwenzake anayesoma hushika karatasi. Sauti ina amri za upole na nguvu, karatasi haina. Wakikutana katika mazoezi, kila mmoja ana hoja, na kila mmoja amefundishwa na mwalimu yule yule.

Hapa yafaa tumkumbuke Czerny. Yeye alionyesha rai yake kana kwamba ni ya Bach. Mwandishi wa kompyuta anaificha rai yake kana kwamba haipo. Matendo hayo ni kinyume, lakini yote mawili yanamnyima msomaji jambo lile lile, yaani kujua nani amesema. Tena alama iliyofichwa haipotei. Mtu mwingine akilipokea faili na kulifungua, programu huweza kumwonyesha yaliyofichwa kwa rangi ya kijivu. Ataona p ya kijivu juu ya noti, na itambidi akisie. Je, mtungaji aliiandika kisha akabadili nia? Mnakili aliiweka kwa ajili ya mashine? Au ni mabaki ya toleo la kwanza? Katika karatasi ya zamani maandishi yaliyofutwa huacha alama ya kisu au wino tofauti, na mchunguzi hupata pa kuanzia. Kijivu cha kompyuta ni kimoja kwa wote.

Faili nalo si kitu cha milele. Mwezi wa Agosti 2024 wenye Finale walitangaza kwamba wanaacha kuiendeleza, baada ya miaka zaidi ya 35, na waliokuwa na kazi zao humo walishauriwa kuzihamishia kwingine. Njia kuu ya kuhamisha ni lugha ya MusicXML, iliyotolewa kwa ukamilifu wake wa kwanza mwaka 2004. Lugha hiyo imetenga mambo mawili: alama inayochorwa katika ukurasa ina mahali pake, na agizo la nguvu kwa ajili ya mashine lina mahali pake. Waliobuni utaratibu huo walitambua kwamba macho na mashine ni wasomaji wawili mbalimbali. Ila utaratibu huo hausemi lolote juu ya mtu aliyeiweka amri wala sababu yake, na faili linapohama huenda jambo lililofichwa kwa uangalifu likajitokeza katika ukurasa, au likapotea bila mtu kujua kwamba lilikuwapo. Mchunguzi atakayekuja miaka hamsini baadaye, akitaka kutoa toleo safi la kazi za mtungaji wa zama zetu, atakuwa na kazi ngumu kuliko ile ya waliomsafisha Bach.

Sisemi kwamba alama zisifichwe. Kumtaka mwalimu aujaze ukurasa kwa ajili ya mashine ni kumrudisha Czerny kwa mlango wa nyuma. Na kumkataza asiifundishe mashine yake ni kuwafanya wanafunzi wasikie muziki mkavu na kuuchukia. Alama iliyofichwa yaweza hata kuwa ni heshima kwa mtungaji, kwa kuwa mnakili anajizuia kuingiza neno lake katika karatasi isiyo yake. Linalotakiwa ni adabu, na adabu yenyewe tumekwisha kuipata kwa wahariri wa karne iliyopita. Mwandishi na aandike mstari mmoja katika ukurasa wa kwanza, kwamba alama za nguvu zilizofichwa ni za mnakili na zimewekwa kwa ajili ya kusikiliza tu. Kazi ikiwa ya kutunzwa, na aweke mafaili mawili: moja la kusomwa na moja la kupigwa na mashine, kila moja kwa jina lake. Na mtungaji anayetaka kwa kweli ubeti wa tatu uimbwe kwa upole, asimnong'oneze mashine peke yake. Na aiandike p yake wazi, maana watakaouimba wimbo huo ni watu.

Haya hayagharimu zaidi ya dakika chache. Czerny angeweza kuyafanya mwaka 1837 kwa kutumia herufi ndogo tu, na Bach angekuwa amebaki na ukurasa wake huku Beethoven akiwa amebaki na shahidi wake. Kwa kuwa hakufanya hivyo, vizazi kadhaa vya wahariri vilitumia maisha yao kuwatenganisha wawili hao. Kwaya zetu zina tungo nyingi ambazo hazijawahi kuhaririwa na mtu yeyote, na nyingi kati ya hizo sasa zimo katika mafaili ya walimu walio hai na wanaoweza kuulizwa. Kila mmoja wao bado anakumbuka ni alama ipi aliitunga na ipi aliiweka kwa ajili ya mashine. Yafaa waandike sasa.